Mdudu wa Chumba cha Wageni

Iko Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na ningeshukuru kama ningeisahau. Mwanangu, keti nikusimulie. Si hadithi ndefu, na ndani yake hakuna mtu mbaya ila mimi.

Siku hizi ukimwona mdudu usiyemjua nyumbani kwako unampiga picha kwa simu, na kabla chai haijapoa umeshaambiwa jina lake, ndugu zake na chakula anachopenda. Ni jambo jema. Sisi hatukuwa na simu za namna hiyo, lakini sitaki kujificha nyuma ya simu. Siku ile nilikuwa na macho mawili mazima na mdomo wa kuulizia, vyote nilipewa bure, na vyote vikanishinda kutumia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Hurlingham, shati jeupe kila siku na kalamu mbili mfukoni, moja yao haiandiki. Nilikuwa nimemwoa Wambui, binti wa watu wa Dagoretti, tukapanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Kilimani, orofa ya pili. Kusema kweli hapakuwa mahali petu. Majirani walikuwa watu wa magari. Sisi tulikuwa tukishuka matatu Adams Arcade na kutembea, na nikikaribia geti nilikuwa nanyoosha shati na kupunguza mwendo, nionekane kama mtu aliyetoka tu kupunga hewa. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangeongeza kwamba ukiwapo huziba macho.

Mama yangu aliitwa Rasoa. Alikuwa mjane, akilima kipande chake kule Vihiga, mwanamke mwembamba, msafi kupita kiasi. Sisi watoto wake tulizoea kusema kwamba mama angeweza kufagia hata mvua. Alipokuwa akija Nairobi alikuwa akinitembelea mchana na kulala Kawangware kwa mdogo wake, kwa sababu kwetu, kwa desturi tuliyolelewa nayo, mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Ni heshima, si chuki. Nyumba ya mtoto ni ya mtoto na mkewe, na mzazi akiota ndoto zake humo watu husema mpaka umevukwa.

Wambui hakuyajua hayo. Kwao mama mkwe hulala anapopenda. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba, miguu ikaanza kumvimba, akanisihi nimwombe mama aje akae naye. Nikasafiri hadi Vihiga nikamwomba mama. Aliendelea kupalilia. Nilijua hakuwa akinifikiria mimi, alikuwa akifikiria wazee watakavyosema. Mwishowe akasema kwamba mtoto aliye tumboni hajui desturi bado, na kwa ajili yake atalala. Mwanangu, elewa uzito wa neno hilo. Mama aliivunja desturi yake akiwa na miaka sitini kwa sababu mimi nilimwomba.

Alikuja na kikapu, blanketi jipya la mtoto likiwa bado ndani ya nailoni yake, na gunia dogo la maharagwe ya shambani mwake. Nakumbuka mlangoni aliniambia jambo kuhusu lile gunia. Nilikuwa nimelibeba begani, nikiharakisha lisionekane na mama mmoja wa orofa ya kwanza ambaye alikuwa na pazia za lesi, nami nikamjibu, "Sawa, mama, sawa." Nikalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Gunia likasahaulika humo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona. Wambui alikandwa miguu kwa maji ya chumvi, akapikiwa uji, akafundishwa kumwita mtoto kwa jina la utani akiwa bado tumboni. Nilikuwa nikitoka kazini nawakuta wamekaa jikoni wakicheka, mmoja na Kiswahili cha Vihiga, mwingine na cha Dagoretti. Wiki mbili zikapita hivyo. Kama kuna wiki mbili ningerudishiwa maishani mwangu, ningechagua hizo.

Jumapili ya tatu mama alienda kanisani Kawangware na mdogo wake. Wambui alibaki kwa sababu ya miguu, nami nikabaki kwa sababu ya uvivu. Mchana niliingia chumba cha wageni kutafuta pasi. Juu ya shuka jeupe la mama nikaona wadudu watatu. Wadogo, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, wafupi, wanene nyuma, wakitembea polepole. Wengine walikuwa dirishani kwenye kioo, na mmoja alikuwa amekufa karibu na mto.

Sikuwa nimewahi kumwona mdudu yule. Lakini pia sikuwa nimewahi kumwona kunguni, nilikuwa nimesikia habari zake tu, na ofisini kwetu neno hilo lilikuwa halitajwi ila kwa kunong'ona. Na Wambui alikuwa amejikuna mkono siku mbili mfululizo. Basi nikajumlisha. Mdudu juu ya kitanda, mke anajikuna, na aliyelala kitandani ametoka kijijini. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiona mwerevu sana kwa kuikumbuka methali hiyo.

Nikamwita Wambui. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akawatazama.

"Si uangalie vizuri kwanza," akaniambia. "Labda ni kitu ingine."

Nikamwambia hakuna cha kuangalia, kwamba nyumba ikishajulikana ina kunguni hatutaweza kutazamana na mtu yeyote kwenye ngazi. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma, mwanangu. Sikuogopa kuumwa, niliogopa kujulikana.

Nikatoa kila kitu cha mama nilichokiona. Godoro, shuka, kikapu, nguo zake zilizokunjwa vizuri na lile blanketi la mtoto. Nikavishusha vyote chini, pale nyuma ya jengo penye kamba za kuanikia nguo. Nikapasha sufuria mbili za maji nikamwagia nguo maji ya moto ndani ya karai, kisha nikamimina dawa ya wadudu iliyokuwa imebaki kwenye chupa. Blanketi nikalitoa kwenye nailoni yake, nalo nikaliingiza humo humo. Ilikuwa saa saba ya mchana siku ya Jumapili. Watu walikuwa wakirudi kutoka makanisani, magari yakiingia, na mama wa pazia za lesi alikuwa amesimama na bakuli la mchele, anauchagua bila kuutazama.

Hapo ndipo mama alipoingia getini. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kitambaa cheupe kichwani, kitabu cha nyimbo mkononi. Akaziona nguo zake za ndani ndani ya karai, mbele za watu.

Sasa sikiliza kosa langu lilipo. Mimi na mama tulikuwa tukizungumza Kimaragoli. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsemesha kwa lugha nyingine. Siku ile nilisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti, ili majirani wasikie na wajue kwamba uchafu ule haukuwa wetu.

"Mama, umetuletea kunguni kutoka nyumbani."

Hakushtuka wala hakulia. Alinitazama kama anayemtafuta mtu nyuma yangu. Kisha akanijibu kwa lugha yetu, polepole, na kwa hilo akanifichia aibu yangu, ilhali mimi sikumfichia yake.

"Zakayo, umelala kwangu miaka ishirini na miwili. Ulitoka na kunguni wangapi?"

Alikamua nguo zake moja moja, akazitia kwenye kikapu zikiwa zinadondoka maji. Blanketi la mtoto aliliacha kwenye karai. Wambui alishuka ngazi akiwa amejishika tumbo, akilia, akimsihi asiende. Mama akamshika mashavu, akamwambia ale vizuri na asisimame sana jikoni. Kisha akaondoka. Aliyembebea kikapu hadi barabarani ni soja wa getini, mzee wa watu ambaye hakuwa hata na jina kwangu. Mimi nilibaki nikilipiga godoro kwa ufagio.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa wiki moja.

Wadudu hawakuisha. Niliosha chumba bila kuinama chini ya kitanda, nikapiga dawa, nikaacha madirisha wazi, na kila asubuhi niliwakuta wengine kwenye kioo. Wambui alikuwa haniongeleshi ila kwa mambo ya lazima. Siku ya Alhamisi niliwatia wawili ndani ya kiberiti kitupu, nikaenda nao kazini, si kwa sababu ya hekima bali kwa sababu nilitaka kumwuliza mtu dawa kali zaidi.

Ofisini kwetu kulikuwa na tarishi aliyekaribia kustaafu, Mzee Gathogo, mtu wa Kinoo, kule Kikuyu, mwenye shamba dogo na maneno machache. Nilimvuta kando karibu na jiko la chai nikafungua kiberiti nusu. Akavaa miwani yake. Akachukua kijiti, akamgeuza mdudu chali, akamgeuza tena. Mdudu akanyanyua mabawa, akaruka moja kwa moja hadi dirishani.

Mzee Gathogo akamtazama pale kwenye kioo, kisha akanitazama mimi.

"Kunguni iko na mabawa?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Haina. Na kunguni inapenda mwangaza? Kunguni unaipata kwa giza, imejificha. Hii inatafuta dirisha itoke nje. Kwa nyumba yako kuna maharagwe mahali."

Nikamwambia lipo gunia, mama alileta. Akacheka kidogo, kicheko cha mkulima, akaniambia huyo ni mdudu wa maharagwe tu, huzaliwa ndani ya punje, hutoboa akatoka, haumi mtu wala haishi kitandani. Wakulima wote humjua. Akasema pia kwamba maharagwe ya dukani hayana mdudu huyo kwa sababu yametiwa dawa ya unga, na kwamba mama yangu bila shaka aliyaacha bila dawa makusudi. Akaniuliza kama kuna mtu mjamzito nyumbani.

Nikafunga kiberiti. Nadhani aliona jibu usoni mwangu. Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akasema neno ambalo sijawahi kulisahau.

"Kijana, ulimwuliza kila mtu ila mwenye gunia."

Nilirudi nyumbani kabla ya saa za kazi kuisha. Nikalivuta gunia chini ya kitanda, nikalifungua. Punje zilikuwa na vitundu vya mviringo, safi, kama vilivyotobolewa na sindano nene, na wadudu walikuwa wakipanda kingo za gunia wakielekea mwangani. Wambui alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndipo akaniambia kile ambacho mama alikuwa amesema siku ile ya kwanza mlangoni, ambacho yeye alikisikia akadhani nimekitimiza, na mimi nilikijibu "sawa, mama" bila kukisikia. Mama alisema, kwa Kiswahili ili Wambui naye asikie: haya sikuyatia dawa kwa ajili ya mtoto, yaanike juani kesho, yasikae ndani.

Maneno kumi na mawili. Ningeyasikia, wadudu wasingetoka.

Na mkono wa Wambui? Mbu, mwanangu. Mbu wa kawaida wa Kilimani, waliokuwako kabla ya mama na wako hadi leo.

Unaweza kudhani kwamba nilipanda basi jioni hiyo hiyo kwenda Vihiga kupiga magoti. Ningependa kukuambia hivyo. Nilisema nitaenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikasema nitaandika barua kwanza, nikaandika, nikaichana, kwa sababu katika barua nilijikuta naeleza mno jinsi wadudu wale walivyofanana na kunguni, nami nilikuwa bado sijui kunguni hufanana na nini. Aibu ina tabia hiyo, hukufanya umkwepe yule yule unayemhitaji. Siku zikawa wiki, na Wambui akajifungua.

Alizaa binti. Kwa Wakikuyu, watu wa kwao Wambui, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, na Wambui hakutaka hata tulijadili. Akaitwa Rasoa.

Mtoto alipofika wiki tatu mama akaja. Soja alipanda ngazi akaniambia kuna mgeni chini. Nikashuka mbio. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la soja, nje ya kibanda chake, na gauni lile la bluu. Nilimwona na moyo ukanipasuka, kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu. Mwanangu, wewe uliyezaliwa Nairobi huenda usilielewe hili. Mama wa kwetu haendi kumwona mjukuu mikono mitupu. Atabeba ndizi, atabeba kuku, akikosa kabisa atabeba yai moja kwenye leso. Mama hakuwa na kikapu, hakuwa na mkoba, hakuwa na leso begani. Alikuwa amehakikisha kwamba hakuna kitu chake chochote kitakachoweza kubeba mdudu.

Nikamwomba apande. Akasema hapo panatosha. Wambui akashuka na mtoto, wakakaa watatu kwenye benchi lile, na mama akampakata mjukuu mwenye jina lake, akamwimbia kwa sauti ya chini. Magari yalipita getini. Mama wa pazia za lesi alipita, akasalimia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yao juu ya kokoto, na hapo ndipo nilipomwambia yote, gunia, kiberiti, Mzee Gathogo. Nilisema kwa lugha yetu, kisha nikasema tena kwa Kiswahili kwa sauti, kwa sababu kosa nililifanya kwa Kiswahili.

Akanisikiliza hadi mwisho bila kuacha kumtikisa mtoto.

"Nilishakusamehe kabla sijafika Kawangware," akasema. "Ila usingizi hautanijia tena humo ndani. Usinilazimishe."

Sikumlazimisha. Tangu siku hiyo alirudi kwenye desturi yake, akalala kwa mdogo wake kila alipokuja, akamwona mjukuu mchana, wakati mwingine kwenye benchi, baadaye jikoni, lakini jua likianza kushuka alinyanyuka. Hakuwa na kinyongo. Tulicheka pamoja miaka mingi. Watu wengine wangesema mambo yalirudi kama zamani, nami niliwaacha waseme hivyo.

Kila mavuno alinitumia maharagwe, hakuacha hata mwaka mmoja. Lakini kuanzia mwaka ule yalikuja yametiwa dawa. Nilikuwa nikifungua gunia harufu ya ule unga inanipiga puani, na punje zote nzima, zinang'aa, hakuna tundu hata moja. Wambui aliyaosha maji matatu kabla ya kuyapika. Hatukulizungumzia kamwe. Mama aliendelea kunilisha hadi alipofariki, lakini hakuwahi tena kunipa maharagwe ya namna aliyokuwa akila yeye mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, nami naufahamu msemo huo kuliko wengi. Hadi leo nikienda sokoni huwa natafuta kwa wale mama wa vijijini maharagwe yenye vitundu. Wauzaji huniona mzee aliyechanganyikiwa. Nayabeba nyumbani, nayaanika juani kwenye roshani siku hiyo hiyo, nakaa karibu yake nikiwatazama wadudu wakitoka mmoja mmoja na kuruka.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Ukikuta ndani mwako kitu usichokijua, mdudu au mtu au neno, kitazame kwanza kwa macho yako, tena mwangani, kabla hujakipa jina. Simu itakuambia mdudu anaitwaje, lakini haitakuambia amekuja na nini wala kwa nini. Mwulize mwenye gunia. Kuuliza si ujinga, na aliyekuletea kitu kwa mikono yake ana haki ya kuulizwa kabla ya yeyote. Mzazi akisema nawe mlangoni, tua mzigo begani umsikilize hadi amalize, hata kama majirani wote wanachungulia. Usimwaibishe mtu wako ili ujisafishe kwa watu wasio wako. Mama wa pazia za lesi alihama mwaka uliofuata na sijui alikokwenda. Na ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Msamaha utaupata hata ukichelewa, mimi niliupata. Lakini imani ya mtu kulala kwako bila hofu huondoka kabla ya msamaha kufika, na hiyo haingoji.

Mungu wa mama yangu akufungulie macho mapema kuliko alivyonifungulia mimi. Nyumba yako isikose mgeni wala mgeni wako asikose usingizi. Na siku mzazi wako atakapofika mlangoni na mzigo wake wa shambani, uupokee kwa mikono miwili, na kesho yake kukiwa na jua, mkauanike pamoja.